Misumari Miwili Ukutani

Tudor,
3 Agosti 2024

Kwa Ziad wa Kibokoni,

Hunijui, nami sikujui. Mwalimu Samuel alitia majina ya kikundi chetu cha pinde kwenye kofia yake nikatoa lako. Basi mwaka huu mimi nakutengenezea wewe upinde, wewe unanitengenezea mimi, na hakuna simu wala kuonana mpaka Siku ya Kubadilishana. Ni barua tu, zipitie kwake kila Jumamosi. Anasema asiyeweza kungoja barua hawezi kungoja mti ukauke. Mimi naona anataka tu kujua nani ana mwandiko mbaya.

Wako nimeumaliza mapema, ndio huo uliofungwa kwa gunia. Ni mti wa mkone, nimeutoa kwa bibi yangu Rabai. Nimeupima kwa ule uzi wako alionipa Mwalimu, wa kutoka sakafuni hadi kidevuni. Bwana we, unalishwa nini huko Mji wa Kale? Mimi upinde wangu ukisimama karibu na huu unaonekana mtoto wake.

Sasa sikiliza. Upinde mpya haupigwi. Kwanza unalazwa. Piga misumari miwili ukutani, uulaze juu yake bila ugwe, ile kamba yake ya kuvutia, mahali pa kivuli penye upepo. Usiusimamishe kwenye kona, utapinda upande. Usiuweke darini, jua litaupasua. Ukishazoea hewa ya kwenu nitakutumia ugwe wake.

Na jambo la mwisho. Mwaka jana nilimtengenezea mtu wa Mbaraki, simtaji. Baadaye niliukuta upinde wangu kwenye kibanda karibu na Ngome, umepakwa rangi nyekundu, umefungwa manyoya ya kuku, unauziwa watalii. Kanuni unaijua: pinde zetu haziuzwi, na atakayekuja Siku ile bila upinde aliopewa anahesabiwa kuwa ameuza, anatoka kwenye kikundi. Yule alitoka. Lakini mimi nililia njia nzima mpaka nyumbani. Kwa hiyo nikiuliza maswali mengi usinune.

Dama


Kibokoni, Mji wa Kale,
10 Agosti 2024

Kwako Dada Dama,

Salamu nyingi. Upinde umefika. Nimeufungua gunia nikakaa nao magotini mpaka mama akauliza kama nimepata homa.

Sijui kusifu. Nitasema tu kwamba nilipitisha kidole mgongoni mwake kutoka ncha hadi ncha na sikukuta hata mahali pamoja ulipogusa kwa kisu. Mimi mgongo huwa naukwaruza bila kutaka, na hapo ndipo pinde zangu mbili za kwanza zilipokatikia. Huo ninaokutengenezea nimeuanza upya kwa gongo alilonipa Mwalimu. Nakwangua tumbo lake, upande wa ndani, kwa kipande cha chupa, kidogo kidogo, halafu nauvuta nione kama mikono yote miwili inapinda sawa. Wa kulia bado mkaidi.

Nimeulaza kama ulivyosema. Misumari miwili, kivuli, upepo.

Nikwambie kitu ambacho Mwalimu hakukwambia. Mimi siwezi kusema mbele za watu. Si kigugumizi. Maneno ninayo ila hayatoki. Madrasa nasomeshwa Kiarabu, shuleni Kiingereza, na kote kuwili ninanyamaza. Mwalimu wa Kiingereza aliniandikia kwenye ripoti kwamba mimi ni mtulivu. Mimi si mtulivu, Dada Dama. Ndani nina kelele kama soko la Marikiti. Kikundi hiki ndicho mahali pekee ambapo mtu anaweza kukaa saa nzima anakwangua mti na hakuna anayemwambia “mbona huongei?”

Wako,
Ziad


Tudor,
17 Agosti 2024

Ziad,

Barua yako nzuri. Nimeisoma mara mbili. Ya tatu nikasoma na bahasha.

Bahasha ilikuwa mfuko wa karatasi uliogeuzwa ndani nje. Ndani una muhuri: duka la vinyago, Taha na Ndugu, Mji wa Kale. Taha ni nani? Na huyo “ndugu” ni wewe?

Hukuniambia kwenu mnauza vinyago. Umenieleza habari za mama, za madrasa, mpaka za kelele zilizo ndani yako, lakini za duka, kimya.

Misumari miwili, kivuli, upepo. Wapi?

Dama


Kibokoni,
24 Agosti 2024

Dada Dama,

Taha ni kaka yangu mkubwa. Duka ni lake tangu baba aanze kuumwa na miguu. Mimi humsaidia kupanga vitu na kufuta vumbi, kuuza siuzi, kwa sababu kuuza ni kusema. Sikukutajia kwa kuwa nilijua utafikiri hivi unavyofikiri sasa.

Upinde uko chumbani kwangu, juu ya kitanda. Usiwe na wasiwasi.

Ule wako mkono wa kulia umeanza kutii.

Ziad


Tudor,
31 Agosti 2024

Mpendwa Ziad,

Nisamehe kwa ile barua yangu kali. Mtu aliyeumwa na nyoka mwaka jana, kila kamba anaitazama mara mbili. Nimekuamini, basi yaishe.

Na ili ujue yamekwisha, huu hapa ugwe. Ni katani, nimeusokota mwenyewe, nikaupaka nta. Ufunge kwenye upinde wako, upige mishale michache, halafu uniambie umekaaje na unalia vipi. Kila upinde una mlio wake, nami wako sijausikia. Nataka niusikie kwako.

Usinifiche hata kidogo.

Dama


Kibokoni,
7 Septemba 2024

Dada Dama,

Ugwe umefika na umekaa sawasawa, kama uliokatwa papo hapo. Umeshika ncha zote mbili bila kulegea.

Nimepiga darini, kwenye godoro kuukuu nililoliegemeza ukutani. Mlio wake ni mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Mishale inakwenda vizuri. Mona, mdogo wangu wa kike, amesema nimekuwa kama askari wa zamani.

Lakini nami nina swali, usikasirike. Barua iliyotangulia ulikuwa mkali, hii ya sasa imejaa asali. Kwa nini? Hapa kwetu mtu akibadilika ghafla hivyo huwa ana jambo. Na “usinifiche hata kidogo” maana yake nini? Nimeisoma mpaka karatasi imelainika.

Swali jingine, la kawaida tu. Mtu akitaka upinde mwingine unaofanana na huu hasa, mti huohuo, urefu huohuo, ungeweza kuutengeneza kwa muda gani? Ni rafiki yangu anauliza.

Ziad


Tudor,
14 Septemba 2024

Ziad,

Rafiki yako huyo ana jina?

Unasema ugwe umekaa sawasawa. Haya.

Mwalimu Samuel ametangaza: Siku ya Kubadilishana ni tarehe 12 Oktoba, kwenye uwanja wa shule yake hapa Tudor. Kila mmoja aje na upinde aliopewa, apige mshale mmoja mbele ya wote na aliyeutengeneza awe amesimama kando yake. Mimi nitakuwa nimesimama kando yako.

Kama kuna neno, barua zimebaki chache.

Dama


Kibokoni,
21 Septemba 2024

Dada Dama,

Hakuna rafiki. Sina rafiki wa kuuliza mambo ya pinde isipokuwa wewe.

Upinde ulionitengenezea sina. Tangu mwisho wa Agosti sina. Nilichokuandikia kuhusu godoro, mlio na Mona, nilikitunga nikiwa nimekaa chooni, mahali pekee pa kujifungia katika nyumba hii.

Haukuwa chumbani kwangu. Chumba changu kiko chini ya bati, mchana huwezi kugusa ukuta. Kwingine kote ni mama na mashangazi na nguo za kuanika. Katika nyumba yetu nzima mahali penye kivuli na upepo ni pamoja tu, ukuta wa nyuma wa duka, kwa sababu milango miwili inatazamana na hewa inapita katikati. Nilipiga misumari hapo. Niliona nikikwambia “dukani” utasikia “unauzwa”. Kwa hiyo nikaandika chumbani.

Taha ameuza. Alikuja mtu wa tuk-tuk, kijana mwenye kofia ya manjano, akauona, akautaka. Taha alidhani ni kitu cha duka. Nilipojua, ulikuwa umeshaondoka. Nimeshinda wiki nzima nikitazama kila tuk-tuk inayopita Ngome. Nimesimama nje ya hoteli nikichungulia mizigo ya wageni, mpaka askari mmoja akanifukuza. Sikuweza kumwambia ninatafuta nini. Usiku nilimshuku Taha, kwamba alijua na alifanya makusudi kwa kuwa huniona mzembe. Asubuhi nikimtazama anakunywa chai namwona hana habari.

Ugwe wako nakurudishia. Pamoja nao nakutumia upinde wako, nimeumaliza. Mkono wa kulia ulitii mwishoni. Uulaze kwanza. Najua unajua.

Siku ile sitakuja. Mwambie Mwalimu anitoe jina.

Ziad


Tudor,
28 Septemba 2024

Ziad,

Upinde wangu umefika. Ni mzuri kuliko nilivyotaka uwe, maana nilikuwa nimejiandaa kukuchukia kwa raha.

Kaa chini usome.

Yule mwenye kofia ya manjano ni Elvis, kaka yangu. Mimi ndiye niliyemtuma aende dukani kwenu autafute, na akiukuta aununue. Upinde wako uko chini ya kitanda changu tangu siku ile. Nilipokuandikia “mpendwa Ziad” ulikuwa hapa, nikinyoosha mguu naugusa. Na ugwe niliokutumia ulikuwa mtego. Niliukata kwa urefu wa upinde wangu mimi, mfupi. Kwenye wako haufiki hata ukiukunja upinde magotini. Ukanijibu umekaa sawasawa. Nilicheka, Ziad, kicheko kibaya. Halafu nikaenda kumwonyesha mama barua yako ili anisifu kwa ujanja wangu. Mama ni nesi, amezoea kutazama vidonda. Akasoma, akaniuliza, “Na huyu mtoto alikukosea nini kabla hujamtegea?”

Nikamwita Elvis anisimulie tena, mwanzo mpaka mwisho, bila kurukaruka. Mara ya kwanza nilimkatiza alipofika pale pa “nimeupata”.

Kumbe upinde haukuwa na bei. Haukuwa mbele na vinyago. Ulikuwa nyuma, umelazwa peke yake juu ya misumari miwili, bila ugwe, chini yake hata vumbi hakuna. Hivyohivyo nilivyokuagiza. Elvis alimwambia kaka yako anautaka. Kaka yako akakataa. Akang'ang'ana. Kaka yako akakataa tena, akasema hicho si kitu cha duka. Elvis akamwambia, “Yakhe, mimi sitoki hapa bila kigongo hicho, mke wangu ana mimba anakitamani.” Elvis hana mke. Hata mchumba hana, ni mdomo tu. Duka zima likacheka. Mimi nilikwenda kutafuta mwizi mahali ambapo hakuwepo, na nilipomkosa nikamtengeneza. Hilo ni langu, na nakuomba radhi.

Sasa lako. Umeandika kwamba Taha alidhani ni kitu cha duka, na kwamba ulipojua ulikuwa umeshaondoka. Elvis ananiambia mengine. Anasema nyuma ya kabati la vioo alikuwapo kijana mrefu na kitambaa cha vumbi mkononi. Anasema Taha, kabla ya kuuondoa ukutani, aligeuka akamuuliza jambo kijana huyo mbele za watu wote.

Sitakuambia alichojibu. Elvis mdomo wake unaujua, na mimi kwa kumwamini mtu nusunusu nimeshachoka. Niambie wewe.

Simwambii Mwalimu neno lolote mpaka nipate barua yako.

Dama


Kibokoni,
5 Oktoba 2024

Dama,

Nilipofika pale penye “chini ya kitanda changu” niliikunja barua nikaenda kutembea mpaka Mbaraki na kurudi. Nilikuwa na hasira. Nilipanga barua nzima kichwani, na ilikuwa barua nzuri, ya kukukata. Wiki nzima nachungulia mizigo ya watu na wewe unaunyooshea mguu! Nilipofika nyumbani nikasoma sehemu iliyobaki.

Aliniuliza.

Alisema, “We Ziad, kigongo hichi ni chako?” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, vizuri. Ndani mlikuwa na wageni wawili wazee, na mama mmoja wa jirani, na kaka yako, na wote walikuwa bado na kicheko cha ile habari ya mimba. Wakageuka wote. Neno lilikuwa moja tu, “changu”. Nilikuwa nalo mdomoni, Dama, nilisikia hata ladha yake. Nikaona kwamba nikilisema litafuata swali, chako cha nini, umekitoa wapi, nani kakupa, msichana gani, na kila mtu anatazama.

Nikatikisa kichwa. Nikaendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Kwa hiyo Taha hakukosa. Nilimsingizia kwako kwa sababu hayupo kwenye barua kujitetea. Hiyo ndiyo iliyonitia aibu kuliko yote, kuliko hata godoro.

Na ule ugwe, nakuapia, sikusema uongo wote. Niliufunga kwenye upinde wako, uliokuwa bado mkononi mwangu sijaumaliza, nikashangaa umekaa kama ulizaliwa nao. Ndipo nikaandika umekaa sawasawa. Nilidhani umekosea kupima. Kumbe hukukosea kitu.

Jana, Ijumaa baada ya swala, duka lilijaa. Taha amenunua kinyago kipya cha uso, kikubwa, akawa anatafuta pa kukitundika. Akaiona misumari yangu miwili. Akasema, “Afadhali, hapa patupu,” akakiinua.

Nilikuwa nyuma ya kabati lilelile.

Nikasema, “Hapana. Hapo pangu.”

Sauti ilitoka kubwa mno, sikuizoea, mgeni mmoja alidondosha bangili. Taha akageuka na kinyago kifuani. “Pako pa nini?” Watu wote wakanitazama. Nikamwambia. Kwamba ni upinde wangu, nimetengenezewa na Dama wa Tudor, kwamba aliponiuliza nilimdanganya, na kwamba unarudi na utalazwa papo hapo. Taha akasema, “Sasa mwanangu, si ungesema?” Akaenda kutundika kinyago mlangoni, ambako kinatisha wateja.

Tarehe 12 nitakuja. Uje na upinde wangu, usimame kando yangu kama ulivyosema. Ukuta bado mtupu.

Ziad